Makala yako imekwamia wapi? Tafuta chanzo kabla ya kuandika upya

Mtu akiniletea makala iliyokataliwa, kabla sijaisoma humwuliza: imekwamia wapi? Wengi hushangaa. Walimu wa sekondari kutoka Bahi na Chamwino, maofisa wa wizara kule Mtumba, wanafunzi wa uzamili wa Chuo Kikuu cha Dodoma, karibu wote hufika na jibu lao mkononi: "hawataki watu wa mikoani", "bila kujuana hutoki", "Kiswahili changu kibovu". Aliyenielewa mara moja alikuwa fundi visima kutoka Mpwapwa. Maji yasipotoka bombani, aliniambia, hukimbilii kuchimba kisima kingine; unalifuata bomba kiungo kwa kiungo mpaka ufike palipoziba.

Makala nayo hupita njia ndefu: kikasha cha barua pepe, jicho la kwanza la mhariri, kikao cha kupanga kurasa, uhakiki wa taarifa, na kwa majarida ya kitaaluma, mikono ya wapitiaji, yaani wataalamu wa fani wanaoisoma na kuitolea maoni. Kila kituo huziba kwa namna yake na hutoa dalili yake. Nimekaa dawati la makala miaka mingi, na kinachoniuma ni kuona mtu anatupa kazi nzuri, au anaiandika yote upya, kumbe tatizo lilikuwa kwenye kiambatisho. Basi tulifuate bomba.

Dalili: umetuma, wiki tatu zimepita, kimya

Usikichukulie kimya kuwa "hapana". Mara nyingi makala yenyewe haijasomwa, kwa hiyo usiguse hata sentensi moja kabla hujakagua namna ulivyoituma.

Kwanza, ilimfikia nani? Anuani ya jumla ya gazeti hupokea matangazo ya misiba, malalamiko ya umeme, taarifa za vyama na makala yako, vyote kwa pamoja. Piga simu mapokezi, uliza mhariri wa makala ni nani sasa hivi na anapokea kwa anuani ipi. Neno "sasa hivi" lina uzito. Mimi niliwahi kusubiri miezi miwili jibu la makala kuhusu wachimba mchanga, nikajijaza uchungu bure, kumbe mhariri niliyemtumia alikwisha kuhama na barua pepe yake haikuwa na wa kuifungua.

Pili, barua pepe yenyewe inasemaje? Iliyo tupu, yenye faili linaloitwa "makala mpya mwisho 2", mhariri huiruka, na wala si kwa kiburi: anaogopa virusi, na hana muda wa kubahatisha. Kichwa cha barua kimpe kila anachohitaji kuamua: "MAKALA: Kwa nini visima vya Mpwapwa hukauka Septemba (maneno 780, picha 3)". Ndani weka mistari mitano tu: makala inahusu nini, kwa nini wiki hii, wewe ni nani na umeyajuaje hayo, namba yako ya simu, na kwamba hujaituma kwingine. Hilo la mwisho liwe kweli. Makala moja ikitoka magazeti mawili siku moja, wahariri wote wawili watalikumbuka jina lako kwa ubaya.

Tatu, faili. Tuma la Word. PDF humlazimu mhariri kunakili aya moja moja, na herufi huvurugika njiani. Picha usizibandike ndani ya Word, zitume pembeni zikiwa faili zinazojitegemea. Ukizipitisha WhatsApp kama picha za kawaida hubanwa na kupoteza ubora. Zitume kama dokumenti. Kila picha iwe na maelezo yake: nani, yuko wapi, lini, nani kaipiga. Nimeshuhudia makala ya wastani ikipewa ukurasa mzima kwa sababu ya picha moja safi ya kina mama wakitwanga mtama.

Ukishakagua hayo, kumbusha. Kwa gazeti, siku saba zinatosha: "Habari za kazi, Mhariri. Jumatatu iliyopita nilikutumia makala kuhusu visima vya Mpwapwa. Naomba kujua kama inawafaa. Kama sivyo, nitashukuru kuambiwa ili niipeleke kwingine." Haina lawama, na inampa nafasi ya kusema hapana bila kuona aibu. Kumbusha mara moja. Wiki nyingine ikipita bila jibu, mjulishe kwamba unaiondoa, kisha uitume kwingine. Kwa jarida la kitaaluma, subiri kama miezi mitatu kabla ya kuuliza.

Dalili: "Haitufai kwa sasa"

Jibu hili fupi lina habari nyingi kuliko linavyoonekana, na hapa ndipo wengi wa mikoani hukwama. Huenda makala ni nzuri ila imebisha hodi nyumba isiyo yake, au imefika siku isiyo yake.

Kuhusu nyumba: nunua au azima matoleo matano ya gazeti unalolitaka. Usiyasome kama msomaji, yapime. Hesabu maneno ya kila makala kwenye ukurasa unaoulenga. Ukikuta zote ziko kati ya 650 na 850, huo ndio ukubwa wa kiti chako. Ukituma 1,900 unamwomba mhariri afanye kazi uliyoikwepa. Angalia makala zinaanzaje, zinanukuu watu wangapi, zinaandikwa na wafanyakazi wao tu au na watu wa nje pia. Kuna safu ambazo ni za mwandishi mmoja maalumu, na hata ukiandika kama malaika hutaingia humo. Saa mbili za kazi hii zinakuokoa miezi.

Kisha engo, yaani upande unaoitazamia mada yako. Kijana wa Kondoa aliniletea makala ya michoro ya miambani ya Kolo, iliyokataliwa mara mbili. Alieleza vyote: michoro ni ya kale, ina wanyama na watu, UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, watalii wanakaribishwa. Kila neno lilikuwa kweli, na kila neno mhariri alishalisoma. Lakini katikati, aya ya saba, aliandika kwa kupita tu kwamba wenyeji bado hufanya matambiko kwenye baadhi ya mapango hayo. Nikamwuliza: sasa urithi wa dunia na tambiko la kijiji vinakaaje kwenye jabali moja? Nani ana sauti pale? Akarudi Kolo, akazungumza na wazee, akaandika upya kuanzia aya ya saba. Ikatoka.

Hilo la "hawataki watu wa mikoani" nalo lina mzizi hapa. Anayesoma akiwa Tabora au Mtwara hajali Nkuhungu, hapa Dodoma mjini, kwa sababu tu wewe unaishi Nkuhungu. Atajali ukimwonyesha kwamba kinachotokea huko kinamgusa: kwamba mji unaopokea watumishi na ofisi kwa kasi hii unajifunza mambo ya maji, viwanja na kodi za nyumba ambayo na mji wake utayakuta kesho.

Na siku. Kwetu huku kuna kalenda ambayo mwandishi akiijua, nusu ya kazi imekwisha. Kikao cha bajeti bungeni huanza Aprili na kumalizika Juni, kwa kuwa mwaka wa fedha huanza Julai 1. Makala ya sera ya kilimo au elimu ikifika Machi ina mahali pa kukaa, ikifika Julai imechelewa basi. Julai 7 ni Siku ya Kiswahili Duniani. Agosti 8 ni Nanenane, na uwanja wa Nzuguni ukianza kupigwa rangi, madawati ya makala yameshapanga kurasa zao. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, Februari hadi Machi na tena Agosti hadi Septemba. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, hivyo makala ya uhaba wa maji ina nguvu Oktoba. Tuma wiki tatu kabla ya tukio. Ikirudi na maneno "kwa sasa", angalia kwanza tarehe uliyotuma.

Dalili: "Ni ya jumla mno"

Mhariri akisema hivi, chukulia kwamba hakuvuka aya ya pili. Tazama ufunguzi huu, wa aina ninayokutana nayo kila wiki:

"Zabibu ni zao muhimu sana katika Mkoa wa Dodoma na Tanzania kwa ujumla. Zao hili lina faida nyingi kwa mkulima mmoja mmoja na taifa. Hata hivyo, wakulima wa zao hili wanakabiliwa na changamoto mbalimbali."

Ondoa "zabibu" weka "alizeti", ondoa "Dodoma" weka "Singida": aya inasimama vilevile. Hicho ndicho kipimo. Aya inayoweza kuhamishiwa zao lolote haijasema kitu kuhusu zao lake. Linganisha na hii:

"Mama huyu wa Hombolo ameanza kukata vichala leo asubuhi, na zabibu ikishakatwa haisubiri. Hadi jana jioni alikuwa hajapata mnunuzi. Msimu wa Machi ilikuwa hivihivi."

Msomaji anaona mtu, saa na hatari. "Changamoto mbalimbali" imekuwa kichala kinachokaribia kuoza. Mwandishi wa ya kwanza anaijua hali hiyo pia, pengine kuliko wa pili, ila ameificha chini ya lugha ya ripoti. Watumishi wa umma, nawaomba sana mlitazame hili, kwa sababu mna maarifa ambayo gazeti linayatafuta usiku na mchana, nanyi mnayaandika kama dokezo la kwenda kwa katibu mkuu. Chukua makala yako, futa aya mbili za kwanza, usome kuanzia ya tatu. Mara nyingi makala ilikuwa inaanzia hapo.

Dalili: "Tuna mashaka na baadhi ya taarifa"

Kosa moja la ukweli likigunduliwa, mhariri huacha kuziamini na zile taarifa ishirini zilizo sahihi. Kwa mada za hapa kwetu makosa yanayojirudia nayajua kwa moyo. Watu huandika kwamba Dodoma ilichaguliwa kuwa makao makuu mwaka 2018. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanyika 1973, wakati wa TANU. Mwaka 2018 ndipo mji ulipopewa hadhi ya jiji, Aprili 26, na mwaka huohuo ikatungwa sheria ya kuitangaza rasmi Dodoma kuwa makao makuu. Ni mambo matatu tofauti. Kongwa nako: mradi wa karanga wa Waingereza ulianza 1947 na ukaachwa 1951, lakini nimesoma makala iliyoupeleka mpaka miaka ya sitini, ikiwa na Mwalimu Nyerere ndani yake.

Dawa yake ni daftari. Kila tarehe, kila namba, kila cheo cha mtu kwenye makala kiwe na mstari daftarini unaosema umekitoa wapi. Mhariri akipiga simu saa kumi na moja jioni kuuliza "hii asilimia umeitoa wapi?", umjibu papo hapo. "Kwa mujibu wa wataalamu" bila jina la mtaalamu hata mmoja ni ombi la kuaminiwa bure, na hakuna mhariri makini anayelikubali. Majina ya wizara na vyeo hubadilika. Hakiki siku unayotuma, usitegemee kumbukumbu.

Kuna jipya limeingia miaka hii: makala zilizotungwa na programu za akili mnemba. Tunazitambua kwa ulaini wao, na mara kwa mara kwa chanzo kinachotajwa lakini hakipo duniani. Ukiitumia programu kukusaidia kupanga mawazo, hilo ni lako na masharti ya mchapishaji wako, kwa hiyo yasome. Ila nukuu na marejeo uyaone kwa macho yako mwenyewe.

Dalili: "Lugha inahitaji kazi"

Hili halina maneno mengi. Soma kwa sauti, taratibu, mbele ya mtu. Tafuta "kwasababu", "kwahiyo" na "nakadhalika" uzitenganishe. Kagua r na l, "ili" na "hili". Sentensi yenye "ambayo" mbili ikate. Kamusi iwe karibu. Makala yenye mambo ndani haikataliwi kwa lugha peke yake. Mhariri mwema huinyoosha.

Dalili: jarida la kitaaluma limeirudisha bila kuipeleka kwa wapitiaji

Fungua faili, tafuta maneno "tasnifu hii", "sura iliyotangulia" na "utafiti huu umegawanyika katika sura". Ukiyakuta, umeshapata jibu. Umetuma kipande cha tasnifu, nao wanataka makala. Tasnifu huthibitisha kwa mtahini kwamba umesoma kila kitu. Makala humpa msomaji jambo moja jipya na ushahidi wake. Kurasa thelathini za mapitio ya maandiko hushuka kuwa mbili, zenye zile kazi tu ambazo hoja yako inazijibu. Malengo manne ya utafiti yanaweza kuzaa makala mbili, ila kila moja isimame kwa miguu yake.

Angalia pia kama jarida ni lenyewe. Makala ya fonolojia ya Kigogo inaweza kufaa jarida kama Kiswahili au Mulika, yanayotolewa na TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, endapo inasema kitu kinachogusa Kiswahili au isimu ya lugha za Kibantu. Makala ya bei za mtama haina kazi huko. Ikisiri, ule muhtasari wa mwanzo, isomwe na mtu wa fani nyingine: akishindwa kukuambia umegundua nini, iandike tena, kwa sababu mhariri huamua akiwa na hiyo tu mbele yake. Na kama upitiaji ni wa siri, jina lako usiliondoe kwenye ukurasa wa kwanza tu. Hubaki pia kwenye taarifa za faili la Word, na kwenye sentensi kama "katika kazi yangu ya awali".

Dalili: wapitiaji wameandika kurasa nne za lawama

Hapa nataka nikae kidogo, maana hapa ndipo makala nyingi hufia mikononi mwa wenyewe. Barua inasema "marekebisho makubwa". Mwandishi anasoma, moyo unashuka, anafunga kompyuta na hairudii tena. Jarida lisilokutaka halikupotezei kurasa nne! Watu wawili wenye kazi zao wamekaa na makala yako jioni kadhaa bila malipo, na mhariri ameacha mlango wazi.

Siku ya kwanza soma, usijibu. Siku ya tatu tengeneza jedwali la safu tatu: hoja ya mpitiaji kama alivyoiandika, jibu lako, na ukurasa ulipofanya mabadiliko. Usiruke hoja hata moja, hata ile ya nukta na koma. Mwanafunzi mmoja niliyemsaidia alikuwa amehoji wakulima 30 wa Mpunguzi, na mpitiaji akasema sampuli ni ndogo mno kuzungumzia mkoa mzima. Jibu lake la kwanza lilikuwa la hasira: bajeti haikutosha. Tulikaa, tukaandika hivi: "Tunakubali kwamba wakulima 30 hawawezi kuwakilisha mkoa. Tumebadilisha kichwa na hitimisho ili vihusu Mpunguzi pekee (uk. 1 na 17), na tumeeleza mipaka ya utafiti (uk. 9)." Makala ikawa ndogo kuliko alivyoiota, ila kila sentensi yake ikawa na mahali pa kukanyaga. Ilikubaliwa.

Pale mpitiaji anapokosea, sema, kwa ushahidi na kwa adabu: "Tunashukuru kwa hoja hii. Hata hivyo, takwimu za Jedwali la 2 zinaonyesha kinyume, na tumeongeza maelezo ili msomaji mwingine asipate utata huohuo." Kama msomaji huyu makini hakukuelewa, kuna sentensi yako inayodai matengenezo.

Dalili: imekubaliwa ndani ya siku mbili, sasa wanataka pesa

Simama. Upitiaji wa kweli hauishi kwa siku mbili. Barua iliyojaa sifa, jarida linalopokea elimu, tiba na uhandisi kwa pamoja, ada inayotajwa baada ya kukubaliwa tu: hizo ni alama za jarida la kitapeli. Namba ya ISSN isikutulize, kwani hiyo hutambulisha chapisho tu na haisemi lolote kuhusu ubora wake. Tafuta jarida kwenye DOAJ (orodha ya majarida yanayosomwa bure mtandaoni) au AJOL (mkusanyiko wa majarida ya Afrika), angalia kama mchapishaji ni mwanachama wa COPE, kamati ya maadili ya uchapishaji, na waandikie wajumbe wawili wa bodi ya uhariri uwaulize kama wanajua majina yao yako pale. Yapo majarida halali yanayotoza ada, lakini huitangaza wazi mapema, na mengi hupunguza au kufuta kabisa kwa waandishi wa nchi zenye kipato kidogo. Omba msamaha huo wakati wa kuwasilisha, usingoje ankara.

Dalili: imetoka, lakini siyo uliyoandika

Kwanza tenganisha kukatwa na kupotoshwa. Kukatwa aya nne ili tangazo lienee ni maisha ya gazeti. Kubadilishwa kwa namba, au maneno ya mtu mmoja kupewa mwingine, ni kosa la kusahihishwa. Piga simu siku hiyohiyo, taja mstari, omba sahihisho. Jina lako likikosekana, dai pia: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inakupa haki ya kutambuliwa kuwa mwandishi wa kazi yako.

Kwa yale yaliyokatwa tu, weka rasimu yako na ukurasa uliochapishwa mezani, ubavu kwa ubavu. Pigia mstari kila kilichoondolewa, kila kilichosogezwa juu, na kichwa kipya walichokupa. Fanya hivyo kwa makala tatu za mwanzo, na kabla ya kutuma ya nne, ifanyie mwenyewe yale ambayo mhariri amekwisha kukuonyesha mara tatu.